Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikusudia kuwasuta wale wauonao mzigo ulio kichwani mwa mtu mwingine kuwa ni mwepesi, kwa sababu tu hawaubebi wao. Leo tunaitwaa methali hiyo kwa kuzungumzia mzigo ambao, kwa mtazamaji wa mbali, ndio hasa unaofanana na usufi: mwani mkavu unaotoka pwani za Kiuyu, katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ni mzigo mkubwa kwa umbo na mwepesi kwa uzani. Kwa ajili hiyo wengi wetu, viongozi na wananchi, tumedhani kwamba kuusafirisha si jambo la kushughulisha akili. Tunaona wakati umefika wa kulifikiri jambo hili kwa makini, kwani nguvu nyingi, fedha nyingi na siha ya akina mama wengi hupotea baina ya ufuo wa bahari na ghala la mnunuzi.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza hapa Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Haukupita muda mrefu kilimo hicho kikavuka bahari na kuingia Pemba, na leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Kwa watu wa Kiuyu zao hili lilikuja kama mvua juu ya ardhi kavu. Nchi yao ni ya maweni, si ya udongo wa mikarafuu kama ule wa magharibi ya kisiwa. Pale ambapo ndugu zao wa Mtambwe walichuma karafuu, wao waliitegemea bahari, na nchi kavu ikawapa kidogo tu cha mtama na muhogo. Mwani uliwapatia akina mama kipato kilicho chao wenyewe, nao ndio wengi katika wakulima wa zao hili.

Lakini na tuitazame safari ya zao lenyewe. Mbegu hufungwa kwenye kamba zilizonyoshwa baina ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, aghalabu wakati wa maji ya bamvu, bahari inapotoa sana. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo 1 ya mwani mkavu. Maana yake ni kwamba mama anayeuza kilo 100 za mwani mkavu amekwisha kutoa baharini kilo 700, au hata 1,000, za mwani unaochuruzika maji ya chumvi. Serikali imelitambua tatizo hilo, na tangu mwaka 2022 imekuwa ikiwagawia boti wakulima wa mwani. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo boti huishia pale maji yanapoishia. Kutoka hapo mzigo hupanda kichwani juu ya kata ya kanga, huvuka mchanga na miamba, mpaka ufike kwenye chanja za kuanikia. Ukishakauka hutiwa magunia, nayo magunia hungoja gari la ng'ombe au gari dogo la mizigo liyapeleke Micheweni, Konde, Wete au Chake Chake, na mwishowe bandarini Mkoani. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 67 hivi, na mzigo wa Kiuyu unaokwenda Mkoani huupita karibu urefu huo wote.

Hapo ndipo hesabu inapomgeukia mkulima. Mnunuzi hutazama uzani, bali mwenye gari hutazama ujazo. Gari hujaa mwani kabla halijalemewa na mwani. Ili safari isiwe ya hasara, mpakiaji hurundika gunia juu ya gunia mpaka rundo likapita kimo cha paa la dereva, na gari likawa kama nyumba inayotembea. Rundo hilo ni gumu kulipakia, ni rahisi kupinduka, na hukamata upepo kama tanga. Gharama ya taabu hizo zote, iwe mafuta ya gari, ng'ombe aliyechoka au gunia lililopasuka njiani, mwishowe humrudia yule yule aliyesimama majini tangu alfajiri.

Sisi tunasema kwamba chombo hiki cha kubebea mzigo, liwe gari la ng'ombe, mkokoteni au tela la kufungwa nyuma ya trekta, kinapaswa kuundwa upya kwa kufuata mambo mawili. La kwanza ni mtu anayepakia. La pili ni upepo. Na tunashikilia kwamba yote mawili yanawezekana kwa mafundi tulionao na kwa vyuma tulivyonavyo.

Tuanze na kupakia, kwa kuwa binadamu ni bora kuliko chombo. Mengi katika magari ya ng'ombe na matela yetu yameundwa kwa kuweka sakafu juu ya magurudumu. Fundi huchukua ekseli ya gari kuukuu, yaani kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, akajenga juu yake fremu na mbao, na sakafu ikawa mita moja au karibu yake kutoka ardhini. Mpakiaji hana budi kulinyanyua gunia kutoka chini hadi kifuani, kisha kulisukuma juu kwa mikono iliyonyoshwa. Kila hamali anajua kwamba taabu haiko katika kulitoa gunia ardhini. Iko pale gunia linapovuka kiuno. Hapo ndipo mgongo unapoteguka na bega linapochoka. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55, na kwamba wa mwanamke uwe chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Gunia kubwa la mwani uliotoka baharini sasa hivi linaweza kuufikia uzito huo bila ya mtu kutambua, na anayelinyanyua aghalabu ni mama.

Dawa ya kwanza ni kuishusha sakafu ikae baina ya magurudumu badala ya kukaa juu yake. Ekseli hukatwa na kuungwa upya kwa welding ya uhakika, ili sehemu yake ya kati iwe chini kuliko vitovu vya magurudumu. Kwa njia hiyo sakafu hukaa nusu mita tu kutoka ardhini. Kulinyanyua gunia nusu mita ni nusu ya kazi ya kulinyanyua mita moja, na zaidi ya hayo gunia halifiki kifuani kamwe. Gari hilo hilo, lenye tairi zile zile, limekwisha kumpunguzia mama nusu ya taabu yake bila ya kuongezwa hata senti moja ya mafuta.

Dawa ya pili ni daraja. Chini ya sakafu pachomekwe ubao imara wa mita 2, unaovutwa nje wakati wa kupakia na kurudishwa ndani wakati wa safari. Ubao wa mita 2 unaopanda kwenye sakafu ya nusu mita huugawa mzigo kwa nne: toroli lenye kilo 80 husukumwa juu yake kwa nguvu ya kilo 20 na ziada kidogo kwa ajili ya msuguano. Kazi iliyokuwa ikitaka wanaume wawili wenye misuli itafanywa na mama mmoja akiwa amesimama wima.

Dawa ya tatu ni kuuweka mzigo mahali pake. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, miti ya gari humwinua ng'ombe shingo na kumkaba. Ukizidi mbele, humlemea mabegani. Unaotakiwa ni uzito mdogo tu kubaki mbele. Kwa tela linalofungwa nyuma ya gari lenye kasi, kanuni ya mafundi ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake ikae kwenye kiungio. Ikipungua hapo, tela huanza kutikisa mkia, na kila dereva akiongeza mwendo mtikisiko nao huongezeka, hata tela na gari vikaingia mtaroni pamoja. Wapo watakaosema kuwa ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo, na kinga yake ni kupanga magunia.

Sasa tuje kwenye upepo. Wengi hudhani kuwa umbo la gari ni jambo la nchi zenye barabara pana na malori yakimbiayo kilomita 100 kwa saa. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, hewa hulikinza mara nne, na nguvu ya injini inayotumika kuishinda hewa hiyo hupanda mara nane. Mwenye gari dogo la mizigo anayetoka Konde kwenda Chake Chake na rundo refu la magunia analijua hilo kwa kutazama tangi lake la mafuta. Lakini hewa haiulizi ni nani anayekwenda. Gari likikimbia katika hewa tulivu, au gari likasimama na upepo ukaliendea, msukumo ni ule ule. Na Kiuyu haikosi upepo. Rasi yake imejitokeza kaskazini mashariki ya kisiwa, ikiikabili bahari kuu, na kusi ikishika katikati ya mwaka huvuma siku nyingi mfululizo, ikalipiga gari ubavuni au usoni.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua gari la ng'ombe lenye rundo la upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita 2. Uso wake una mita za mraba 3. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiupiga uso huo uliosimama wima kama ukuta, huusukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 15 hivi. Ng'ombe wa kilo 300 anaweza kuvuta, kwa muda mrefu bila ya kuumia, kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wake, yaani kilo 30. Kwa hivyo kabla hajausogeza mzigo hata hatua moja, upepo umekwisha kumnyang'anya nusu ya nguvu zake. Mwenye gari humpiga fimbo mnyama akidhani ni mvivu, ilhali mnyama anashindana na kusi.

Ubavuni jambo ni la hatari zaidi. Rundo hilo hilo likiwa na urefu wa mita 3, ubavu wake una mita za mraba 6. Mvumo wa ghafla wa kilomita 50 kwa saa huusukuma ubavu huo kwa nguvu inayozidi kilo 80. Rundo likiwa juu ya sakafu ya mita moja, nguvu hiyo hufanya kazi mita 2 kutoka ardhini, na kila anayejua kutumia mtaimbo anaelewa maana ya kusukuma kutoka juu. Ukiishusha sakafu kwa nusu mita, umeupunguza uwezo wa upepo wa kulipindua gari kwa robo, wala hukupunguza hata gunia moja. Hapa msomaji ataona kwamba yale mambo mawili tuliyoyataja ni ndugu: sakafu inayomsaidia mpakiaji ndiyo hiyo hiyo inayomnyima upepo nafasi.

Elimu hii si ngeni kwetu. Hakuna fundi wa Pemba aliyepata kuunda mashua yenye omo bapa kama ukuta. Anajua kwamba chombo hukata maji kwa mbele na kuyaachilia taratibu kwa nyuma, na kwamba maji yasipoachiliwa vizuri hukivuta chombo kwa mkia. Mabaharia wetu nao hawapakii ovyo. Farumi na mzigo mzito hukaa chini ngamani, na mwepesi hukaa juu, la sivyo bahari itawafunza kwa ukali. Wavuvi wa Kiuyu na Kojani wanaomtoa jodari baharini wameliona umbo bora kuliko lililochorwa na mhandisi yeyote: mbele pameviringika, nyuma pamechongoka. Hewa na maji hufuata kanuni moja. Linaloshangaza ni kwamba ujuzi huo huishia ufukweni. Gari la nchi kavu huundwa kama kasha, likapakiwa kama jaa.

Wenzetu wa nchi za viwanda nao walichelewa kulitambua hili. Ilikuwa katika miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei duniani, ndipo wahandisi wa shirika la anga la Marekani, NASA, walipolivika gari la kawaida bodi la pembe nne, mfano wa sanduku, wakalikimbiza kupima namna hewa inavyolikinza. Walipoviringisha pembe zilizosimama wima, za mbele na za nyuma, ukinzani wa hewa ulipungua kwa asilimia 40 hivi, ilhali nafasi ya ndani ilipungua kwa zaidi kidogo tu ya asilimia 1. Hawakubadilisha injini wala tairi. Walichokibadilisha ni pembe. Leo malori ya Ulaya na Marekani yana paa lililoinama mbele, mbao za kufunika ubavu chini, na mengine yana mikia iliyochongoka nyuma, yote hayo kwa ajili ya kuidanganya hewa.

Hatusemi tuige malori hayo. Tunasema kanuni ni ile ile na vifaa vyetu vinatosha. Mbele ya gari la ng'ombe au tela panaweza kuwekwa fito zilizopindwa nusu duara, zikafunikwa kwa turubai lililokazwa, na uso wa ukuta ukageuka kuwa omo. Turubai lifunike mzigo mzima na lifungwe kwa kamba kila nusu mita, kwani turubai linalopigapiga huongeza ukinzani badala ya kuupunguza, na huraruka kabla ya msimu kwisha. Turubai hilo hilo litaukinga mwani na mvua ya ghafla, ambayo ni adui anayemkosesha mkulima bei baada ya kazi yote ya kuanika. Tela la kufungwa nyuma ya gari lisizidi kimo wala upana wa gari linalolivuta, bali lijifiche katika kivuli chake. Na mzigo unaopakiwa juu ya gari dogo upangwe uteremke kuelekea nyuma, usikatwe ghafla.

Kabla ya yote hayo, mwani ubanwe. Wasafirishaji wanaoupeleka ng'ambo huubana kwa mashine katika maghala yao na kuufunga robota, kwa kuwa wanajua kwamba hakuna faida ya kulipia hewa. Kwa nini basi hewa hiyo isafirishwe kutoka Kiuyu hadi ghalani? Sanduku imara la mbao na jeki moja ya lori vinatosha kuwa mashine ya kijiji. Rundo la mita 2 likibanwa likawa la mita moja, uso unaopambana na upepo umepungua kwa nusu, au safari mbili zimegeuka kuwa moja. Mwani uwe umekauka sawasawa kabla ya kubanwa, maana uliobaki na maji huvunda ndani ya robota.

Zipo hoja zitakazotolewa dhidi ya maoni haya, nasi hatupendi kuzipita kimya. Wa kwanza atasema kwamba sakafu ya chini itagonga mawe ya njia zetu za maweni. Ni hoja ya haki. Ndiyo maana tunasema nusu mita na si chini ya hapo, na ndiyo maana njia za kutoka pwani nazo zinahitaji kutazamwa. Wa pili atasema kwamba maji ya chumvi yataila ekseli iliyoungwa. Kweli, chumvi hula chuma chochote. Dawa ni rangi, grisi kwenye beringi kila baada ya bamvu, na kuliosha gari kwa maji ya kisima. Wa tatu atasema gharama ni kubwa. Huyu tunamwomba apige hesabu ya tairi, mafuta, magunia yaliyomwagika na siku ambazo mama hakwenda pwani kwa maumivu ya mgongo, kisha aje tena tuzungumze.

Sasa tugeukie wajibu wa kila mmoja. Mafundi wetu ndio wa mwanzo. Vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe vinafundisha vijana ufundi wa mikono. Tungependa kuona vijana hao wakipewa kazi ya kuunda gari moja la mfano la ng'ombe na tela moja la mfano, vikapelekwa Kiuyu, vikatumiwa na akina mama kwa msimu mzima, na vikarekebishwa kwa maneno ya akina mama wenyewe. Si lazima waanze na karatasi tupu. Tanzania ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973, na mwaka 1981 ikaanzisha huko Arusha taasisi ya CAMARTEC kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Magari ya kukokotwa na wanyama ni katika kazi za taasisi kama hizo. Elimu ya Arusha inaweza kusafiri mpaka Micheweni, mradi kuwe na mtu wa kuiita.

Halmashauri ya Wilaya ya Micheweni nayo ina sehemu yake. Karibu na kila uwanja mkubwa wa kuanikia pajengwe jukwaa la kupakilia, lenye kimo cha sakafu ya lori na ngazi ya mteremko upande mmoja. Mawe tunayo; nchi nzima ya Kiuyu ni mawe. Jukwaa la namna hiyo halihitaji nondo wala mashine, nalo litamwezesha mtu kulitembeza gunia hadi ndani ya lori bila ya kulirusha juu. Njia ya kutoka ufukweni hadi jukwaani isawazishwe na kushindiliwa. Masheha na madiwani wakilisimamia hili pamoja na wananchi, ni kazi ya wiki chache.

Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi imeonyesha kwa kugawa boti kwamba inatambua uzito wa kazi hii. Tunaishauri iiangalie safari ya mwani kuwa ni moja, tangu kigingi hadi ghala, wala isikomee mahali maji yanapokoma. Serikali imeichagua Chamanangwe, katika Wilaya ya Wete, kuwa mahali pa kiwanda cha mwani. Kiwanda hutaka mali kila siku, iliyo kavu, safi na kwa bei inayoeleweka. Gari linalopinduka Micheweni na turubai linaloraruka Konde ni hasara ya kiwanda kama lilivyo hasara ya mkulima. Wanunuzi nao wasijione wako mbali. Mnunuzi atakayekipa kikundi sanduku la kubania na turubai zuri atapata mwani bora, na gari lake litafanya safari chache zaidi.

Mwisho ni vikundi na vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe. Gari la pamoja linalotunzwa ni bora kuliko magari matano ya kukodi yanayolalamikiwa. Kikundi kiweke kumbukumbu: safari ngapi, kilo ngapi, nauli kiasi gani, magunia mangapi yameharibika. Kikifika mbele ya Halmashauri na daftari la namna hiyo, hakitaambiwa tena kwamba kinalalamika tu. Takwimu za mwananchi mwenyewe zina nguvu kuliko maneno ya wengi.

Hatuombi makubwa. Tunaomba sakafu ishuke nusu mita, ubao wa mita 2 uchomekwe chini yake, turubai likazwe, mwani ubanwe, na majukwaa ya mawe yajengwe. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Linalohitajika ni viongozi wa Chama na Serikali, pamoja na sisi tunaoandika na kusoma, kuacha kuutazama mzigo wa mama wa Kiuyu kwa mbali. Anayetaka kuujua uzito wake ashuke pwani siku ya bamvu na alibebe gunia moja tu kutoka majini hadi kwenye chanja. Kisha arudi ofisini aitie saini amri ya kazi kuanza, kabla ya kusi ijayo.